Nimeambiwa Nipumzike, Naiba Kilomita

Shangazi Kamila, shikamoo. Huenda tumelingana umri, maana mimi nina hamsini na mmoja, lakini anayekuja kuomba ndiye anayeamkia, kwa hiyo ipokee. Kwa miaka mingi nimesoma safu yako ndani ya treni nikiwacheka wanaokuandikia, nikijiuliza mtu mzima anaanzaje kumweleza mambo ya nyumbani kwake mtu asiyewahi kumwona, na leo ni Jumapili mchana, nimekaa mezani, mguu uko juu ya kiti, goti limefunikwa kwa mfuko wa njegere za barafu, na ninakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine. Naomba usinicheke sana.

Mimi ni Mrundi, mzaliwa wa Bujumbura, nina miaka ishirini na miwili katika nchi hii ya Uswidi. Naishi Jordbro, kitongoji cha kusini mwa jiji kuu, na nafanya kazi kwenye ghala la vyakula humu humu Jordbro, mwendo wa dakika tisa kutoka mlangoni kwangu. Kazi ni kukusanya bidhaa. Unavaa vipokea sauti masikioni, mashine inakuambia kwa Kiswidi nenda rafu fulani, chukua katoni sita, na wewe unaijibu kwa tarakimu, inakushukuru na kukutuma kwingine, na kuna siku, Shangazi, nikirudi nyumbani nikajiuliza leo nimeongea na nani, nakuta nimeongea na ile mashine tu. Béata, aliyekuwa mke wangu, alihamia Göteborg miaka sita iliyopita; hatukupigana, tulinyamaza tu mpaka tukazoea. Binti yetu Tania anasoma chuo Umeå, ni mtoto mzuri, lakini nikimwandikia mistari kumi ya Kiswahili ananijibu "Okej pappa, vi hörs", yaani sawa baba, tutaongea, na wiki zinapita hatujaongea. Kanisani niliacha kwenda kwa sababu kila benchi lilikuwa na ndugu wa Béata na wote walikuwa wananitazama kwa huruma.

Kilichonishika mkono ni baiskeli. Kwetu Burundi baiskeli ni kazi, siyo mchezo. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilikuwa nashuka nayo kutoka Bugarama mpaka Bujumbura na mikungu mitano ya ndizi nyuma, breki zangu ni soli za kandambili, na wakati wa kupanda najishikiza nyuma ya lori. Hapa Warundi wenzangu waliponiona barabarani nimevaa suruali ya kubana na kofia ngumu walidhani nimenyang'anywa leseni ya gari, na mmoja alitaka kuniombea. Basi miaka mitatu iliyopita, asubuhi moja kwenye barabara ya kwenda Dalarö, nikamsikia mtu kando ya mtaro akiitukana tairi yake kwa Kiswahili. Nikasimama. Huyo ndiye nitakayemwita Kiptoo, siyo jina lake, ila ni Mkalenjin na nadhani jina hilo litamtosha.

Kiptoo ni fundi wa lifti, anaishi Upplands Väsby, upande wa pili kabisa wa jiji, na mke wake, nitamwita Rita, na binti zao wawili. Waswidi wakisikia ametoka Eldoret wanamuuliza marathoni anakimbia kwa saa ngapi, na yeye huwajibu kwamba alikimbia mara moja tu maishani, alikuwa akilifukuza basi, na basi likashinda. Tangu siku ile ya tairi tunakutana kila Jumamosi saa mbili asubuhi pale Farsta, yeye anakuja na gari, baiskeli iko juu yake, mimi nimeshaendesha kutoka nyumbani, na tunaenda mpaka Nynäshamn au Dalarö, tunakunywa kahawa, tunakula mkate wa mdalasini, tunarudi. Njiani anaongea yeye. Anaongea juu ya lifti, juu ya mama yake, juu ya siasa za kwao, na mimi nikiwa nyuma ya tairi lake nasikia nusu tu kwa sababu ya upepo, lakini nusu hiyo inanitosha mpaka Jumamosi nyingine.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kila mwaka katikati ya Juni kuna mbio za baiskeli za kuzunguka Ziwa Vättern, kilomita mia tatu na kumi na tano, unaanzia Motala na unamalizia Motala, siku moja. Siyo za kushindana, ni za kumaliza tu. Mwaka jana tuliingia mimi na Kiptoo, tukaapa kwamba hakuna wa kumwacha mwenzake, na tulipofika Hjo, tukiwa tumepita nusu, wakati watu wanapewa lasanya, mimi nikakaa kwenye nyasi na sahani yangu nikasema siwezi tena. Kiptoo alinitazama, akaitazama njia, akakaa kando yangu. Hakunilaumu hata kidogo. Alikula, akafuta mdomo, akasema, "Si neno, mzee. Basi ni mwakani." Tukarudishwa na basi la walioishia njiani. Na nikwambie ukweli, lile neno "mwakani" lilinifurahisha kuliko medali ambayo ningeipata.

Mwaka huu ndiyo mwisho. Kiptoo na familia yake wanarudi Eldoret mwanzoni mwa Agosti, moja kwa moja, mama yake amezeeka na nyumba wameshajenga. Aliniambia mwezi Machi tukiwa tunapandisha kilima, nadhani alichagua kilima ili nisiweze kujibu. Akasema, "Kwa hiyo mwaka huu tunamaliza, mimi na wewe. Nikitoka Uswidi bila ile medali, nikiulizwa nitasema nini? Na wewe usipoimaliza, mimi pia siimalizi, tuliapa." Toka siku hiyo nimefanya mazoezi kama mtu aliyechanganyikiwa.

Kiptoo ndiye mwenye ratiba, ameichora kwenye karatasi na kunibandikia kwenye friji kwa mkono wake, siku pekee aliyowahi kuingia kwangu. Ratiba inasema wiki tatu za mwisho tunashusha. Wiki ya kwanza unapunguza, ya pili unakata nusu, ya tatu unaendesha mara mbili tu, dakika arobaini, na kukaza kidogo katikati ili miguu isisahau. Jumamosi ya juzi, siyo hii ya jana, tulipomaliza safari ndefu ya mwisho, aliniambia, "Mzee, kazi imeisha. Ukiongeza sasa unaharibu. Misuli inajengwa ukiwa umelala."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo nifanye nini wiki tatu?"

"Lala. Kula. Keti."

"Niketi wapi?"

Akacheka sana. "Kwani huna kochi?"

Ninalo kochi, Shangazi. Jumatatu nilitoka kazini saa nane na nusu, nikakaa kwenye hilo kochi kama nilivyoagizwa, na saa tisa na robo nilikuwa bado nimekaa, jua la mwisho wa Mei unalijua, halina mpango wa kuzama, na nyumba ikawa kimya mpaka nikasikia friji ikijizima. Mwanzoni nilijiambia naenda kuzunguka kidogo tu. Nikaendesha kilomita sitini. Jumanne sabini. Jumatano nilijizuia, nikasafisha mnyororo wa baiskeli ambao ulikuwa safi, Alhamisi nikaenda tena sitini. Simu yangu inaandika kila kilomita na Kiptoo anaziona kwenye simu yake, kwa hiyo kabla ya kutoka najipiga picha ya miguu, soksi mbili juu ya kochi, namtumia, naiacha simu pale pale kwenye kochi, natoka. Yeye anajibu kwa kidole gumba. Ratiba ilisema wiki hii themanini. Mpaka jana nilikuwa nimeiba karibu mia tatu.

Jana ndiyo mbaya zaidi. Ile Jumamosi tulipoagana Kiptoo alikuwa ameniambia, "Wiki ijayo hatuendeshi, lakini wewe njoo tu nyumbani, Rita atapika." Nikasema sawa. Nikasubiri aniambie saa. Wiki nzima nikasubiri. Katika nchi hii mtu akikutaka kwake anakupa tarehe na saa ya kufika, na wengine wanakupa na saa ya kuondoka, na mimi nimeshazoea, sikuona vizuri kuuliza maana kuuliza ni kujialika. Rita naye kwa miaka mitatu kila tukionana ananiambia "karibu wakati wowote, shemeji", na sijawahi kwenda, kwa sababu "wakati wowote" sijui ni saa ngapi. Jumamosi asubuhi nikaitazama simu mpaka saa nne. Hakuna saa. Nikapiga picha ya soksi, nikaituma, nikatoka na baiskeli.

Sikupanga niende huko. Nilipita Farsta, nikapita mjini, nikapita Sollentuna, na nikajikuta Upplands Väsby mbele ya nyumba yao, kilomita hamsini na tano, kwenye safu ya masanduku ya barua ng'ambo ya njia. Walikuwa nje kwenye kiwanja chao kidogo. Kiptoo alikuwa amesimama na koleo mbele ya jiko la mkaa. Rita alikuwa anapanga sahani mezani na kuweka glasi juu ya vitambaa visipeperuke. Mabinti walikuwa wanatoa viti, na cha tano kilikuwa kile cha ofisini chenye magurudumu, kimekwama kwenye nyasi, mdogo anakivuta, mkubwa anakisukuma, wanacheka. Nikaona, kumbe wana mgeni. Nikatazama nguo zangu, jasho tupu, na baiskeli yenyewe ambayo ingenishtaki kabla sijafungua mdomo, nikasema siwezi kuwavurugia watu mgeni wao. Nikageuza.

Goti lilianza kuuma Sollentuna. Farsta nilikuwa nakanyaga kwa mguu mmoja. Nilipofika nyumbani lilikuwa limejaa, na kwenye kochi simu ilikuwa na simu mbili za Kiptoo ambazo sikuzipokea, saa saba na saa nane. Nikajua ameanza kushuku, ananichunguza kama nimepumzika. Nikamtumia soksi tena. Hakurudisha kidole.

Mbio ni siku kumi na tatu kutoka leo. Shangazi, nimwambie Kiptoo habari ya goti, na wiki moja kabla ya kupakia gari nimharibie kitu alichokingoja miaka miwili, au ninyamaze, nimeze vidonge, nijaribu, na likikataa likatae huko huko njiani? Na lingine, naona aibu kuliuliza nikiwa na umri huu. Watu wanapumzikaje? Mimi kilomita siziogopi. Naogopa Jumamosi itakayofuata.

Wako,
Mwenye Goti, Jordbro


Shangazi Kamila anajibu:

Mwenye Goti, marahaba, ingawa mimi nina hamsini na nne na hiyo shikamoo yako imenizeesha njiani. Sikukucheka. Nilicheka kwenye soksi, naungama, kisha nikasoma tena na kicheko kikaisha.

Tuanze na goti, maana ndilo lenye haraka. Leo hii, ukimaliza kusoma, piga 1177, ile namba ya ushauri wa afya, au nenda kituo chako cha afya ukaonane na mtaalamu wa viungo, umwambie kweli, kilomita mia tatu, siyo themanini. Usimtumie picha ya soksi. Yeye ndiye atakayesema kama utaendesha mwezi huu au la, na akisema la, ni la. Mambo ya kumeza vidonge ili ukaanguke mbele ya watu katikati ya njia, nisiyasikie. Una goti moja la kulia na moja la kushoto, na bado una miaka kumi na nne ya kutembea ghalani kabla ya pensheni.

Sasa tuzungumze wewe na mimi.

Wewe ni mwongo, baba. Nakwambia kwa upendo lakini nakwambia. Mwenzako amekuchorea ratiba kwa mkono wake, ameibandika kwenye friji yako, na wewe unampigia picha za miguu kumdanganya kwamba umelala. Mwenye mke akifanya hivyo tunamwita majina. Na usiniletee habari kwamba Mrundi hajui kupumzika kwa sababu alibeba ndizi. Wale wenzako wa Bugarama wakifika sokoni na mzigo wao hulala chini ya baiskeli wakakoroma mbele za watu, nimesimuliwa na Warundi wenyewe. Unajua kupumzika vizuri sana. Usichojua ni kupumzika peke yako, na hilo hakuna anayelijua, hata mimi. Mume wangu alipofariki nilipiga pasi mpaka mataulo. Mapazia nilipiga pasi yakiwa yananing'inia dirishani. Kwa hiyo sikulaumu kwa kutoka nje, jua likiwa vile na nyumba ikiwa vile. Nakulaumu kwa kujificha.

Na kuna kitu umekiandika wewe mwenyewe, kwa kalamu yako, na ukakipita kama huna habari nacho. Umesema mwaka jana pale Hjo ulikaa kwenye nyasi ukasema huwezi, na mwenzako akasema "mwakani", na hilo neno likakufurahisha kuliko medali. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Hukuniambia kwamba goti liliuma. Hukuniambia kwamba tumbo lilikataa au pumzi ilikwisha. Umeniambia ulikaa, na ukapewa mwaka mzima mwingine wa Jumamosi. Mwaka huu ratiba inasema pumzika uende ukamalize, na wewe unafanya kila unaloweza usimalize. Sisemi ulikusudia. Nasema miguu yako inajua kwamba mbio zikiisha Kiptoo anapanda ndege, kwa hiyo inatafuta "mwakani" nyingine. Safari hii haipo. Ukikwama Hjo tena, ataondoka Agosti vile vile, tofauti ni kwamba ataondoka bila medali yake, na akiwa Eldoret atakumbuka kwamba ulijua una goti bovu ukamficha. Hicho ndicho unachotaka akumbuke?

Kwa hiyo swali lako la kwanza limejibiwa. Unamwambia. Unamwambia kabla hajapakia gari, ana kwa ana, goti lenyewe likiwa wazi alione. Na unamwondolea kile kiapo. Unamwambia, "Nikipona tunaenda wote, nisipopona unaenda wewe, na mimi nitakaa Hjo kwenye nyasi zile zile nikikusubiri na sahani ya lasanya." Mlipoapa mlikuwa mnashikana mkono, hamkuwa mnafungana kamba. Atakasirika. Ana haki, mpe nafasi akasirike, usianze kujieleza katikati. Fundi wa lifti amezoea vitu vilivyokwama.

Nimebakiza hiki makusudi, kwa sababu nilipofika hapo kwenye barua yako niliiweka chini nikaenda kusimama dirishani.

Familia ya Kiptoo ni watu wangapi? Umeniambia mwenyewe. Yeye, Rita, mabinti wawili. Uliona viti vingapi? Ukasema, "kumbe wana mgeni." Mwanamume wewe! Mtu amekuambia Jumamosi njoo tu nyumbani, Rita atapika. Jumamosi imefika, Rita amepika. Watoto wametoa viti vyote vya nyumba, havikutosha, wakaenda kukitoa na cha ofisini, wakakivuta kwenye nyasi. Wamekaa, wamesubiri. Saa saba Kiptoo akakupigia. Saa nane akakupigia tena. Kisha akapata picha ya soksi kutoka kwa mtu aliyemwandalia meza, na wewe unashangaa kwa nini hakurudisha kidole.

Hakuwa anakuchunguza. Alikuwa anauliza uko wapi, na wewe ulikuwa ng'ambo ya njia yake, nyuma ya masanduku ya barua.

Najua lilikotoka kosa hili, na ndilo linaloniuma, kwa sababu siyo lako peke yako. Nimeliona hapa mtaani kwangu Akalla na nimeliona kwa kila kabila letu. Tulipofika nchi hii tulishangaa kwamba mtu anapewa saa ya kwenda kumsalimia ndugu yake. Tukawacheka wenyeji. Halafu tukakaa, tukazoea, na sasa ni sisi kwa sisi, Mrundi na Mkenya, mmoja anasema "karibu wakati wowote" na anamaanisha hivyo hivyo kama angesema akiwa kwao, na mwingine anakaa miaka mitatu akingoja aambiwe ni saa ngapi. Rita hakuwa na saa ya kukupa. Kwake yeye ungefika saa tano ungemenya viazi, ungefika saa kumi ungekuta chakula kimefunikwa. Waswidi hawana kosa hapa, wana utaratibu wao na wanauelewa. Sisi tumechukua nusu ya kwao na tumebakiza nusu ya kwetu, na watu wetu wanakaa na njaa ya kuongea katikati ya hizo nusu mbili.

Nimeomba barua yako iruke foleni ili uisome Alhamisi hii. Jumamosi ni kesho kutwa. Utafanya hivi.

Baiskeli itabaki nyumbani, na mnyororo wake ulio safi. Utavaa suruali ya watu wazima. Utapanda treni hapo Jordbro, ubadilishe mjini, ushuke Upplands Väsby, na simu uwe nayo mfukoni, siyo kwenye kochi. Nunua kitu mkononi, matunda yanatosha, ndizi nadhani unajua kuzichagua. Hutapiga simu kabla. Hutaandika ujumbe kuuliza kama itafaa. Hutauliza saa! Ukisimama tena kwenye masanduku ya barua, hesabu mpaka tatu uvuke.

Rita akifungua mlango, omba radhi kwa chakula cha Jumamosi iliyopita, kwa sababu kosa hilo kwa yule mama ni kubwa kuliko kilomita zako zote. Mwambie ulifika, uliwaona, ukaogopa. Mwambie hivyo hivyo, mbele ya watoto kama wapo. Kisha mwonyeshe Kiptoo goti.

Na usiende mara hiyo moja. Nimehesabu kwenye kalenda: kati ya mbio na mwanzo wa Agosti kuna Jumamosi saba. Hizo hazihitaji baiskeli wala goti. Watakuwa wanafunga masanduku, nyumba imevurugika, watahitaji mtu wa kushika upande wa pili wa kabati, na katikati ya kazi hizo utasikia maneno yake yote, siyo nusu, maana humo ndani hakuna upepo. Agosti ikifika utalia, na itakuwa kilio cha mtu aliyeagana na mwenzake. Hicho kinapona, hata kama ni taratibu. Cha kujificha nyuma ya masanduku sijui kinaponaje.

Tania naye usimwandikie mistari kumi. Panda treni ya Umeå mwezi wa saba, umwambie tu kwamba umefika stesheni. Atashtuka, atakulaumu kwa Kiswidi, halafu atakuja kukuchukua. Na baada ya hapo, mlango wangu uko Akalla, mwisho wa treni ya chini ya ardhi, kwa hiyo anayefika kwangu najua hakupotea njia. Jumapili napika. Saa sikuambii.

Umeuliza watu wanapumzikaje. Jibu lako analo Kiptoo tangu ile siku alipocheka akakutaja kochi, ila hata yeye hakujua kwamba lile swali lilikuwa la kweli. Ulimuuliza uketi wapi. Wiki moja baadaye watoto wake wakakivuta kiti cha magurudumu mpaka kwenye nyasi, wakakuwekea. Nenda ukakikalie.